Gereji imenyamaza, embe zimeniponyoka

Jamani mtu asijenge gereji chini ya mwembe. Mimi nimejenga, hapa Arua, Uganda, kule kona ya ua mbali na nyumba, mabati geji 30, yale membamba, kwa sababu bei ya geji 28 ilinitolea macho, na dari sikuweka, nikasema gari si mtu.

Kumbe mtu ni mimi. Nyumbani wageni hawaishi, kwa hiyo jioni mimi na redio yangu tunajificha humo. Sasa njoo mwezi wa kwanza saa nane mchana, ukiinua mkono juu unasikia joto linakushukia kichwani kama umesimama chini ya kikaango, na embe zikiiva ndo balaa, saa tisa usiku moja inashuka PAA! juu ya bati, mbwa anabweka, mtoto analia, mama Zaina ananisukuma eti amka kuna watu.

Nikaita fundi. Akaniambia tuweke ile karatasi ya kung'aa, inarudisha joto juu. Sawa, laki mbili zikaenda, akaibandika ikagusana na bati kabisa kama plasta kwenye kidonda, joto likapita tu, maana ile kitu bila nafasi ya hewa mbele yake haina kazi, bati linaipa joto kwa kugusana. Kumuuliza anasema "mzee, subiri izoee." Karatasi izoee nini?

Nikanunua pamba ya kioo, ile ya nyuzi za kioo ya kuzuia joto na kelele, nikaipanga mwenyewe kati ya mbao, kifua wazi kwa sababu ya lile joto. Siku tatu nzima nilijikuna mpaka kwenye mazishi ya jirani watu wakakaa mbali nami. Vaa shati la mikono mirefu, glavu, ziba pua, mimi nimeyajua hayo nikiwa tayari nawashwa.

Chini yake nikapigilia mikeka ya mafunjo, ile ile ambayo bibi zetu waliitumia kama dari na sisi tukaicheka. Nikaacha na matundu pembeni joto litoke, nikayaziba kwa wavu wa chuma maana popo wa huku ukiwaachia tundu wanahamia na ukoo.

Na imekubali! Mchana unakaa humo hutoki jasho. Usiku embe ikidondoka unasikia "pu", kama mtu kaweka mto.

Shida ndo hiyo sasa. Zamani PAA ikilia natoka na tochi, naokota, asubuhi tuna beseni. Siku hizi sisikii kitu, nalala kama mfalme, nikiamka nakuta kokwa tupu zimetapakaa na mbuzi wa jirani amesimama ananitazama, mdomo wa njano.

Jana mama Zaina kanituma sokoni kununua embe. Muuzaji anayejua kwangu akaniuliza, "mzee, mwembe umekatwa?"