Zamani Tuliomba "Nisimulie", Leo Tunaambiwa "Nyamaza"

Jumapili iliyopita nilikuwa nimeketi kibarazani kwetu Cimpunda, hapa Kadutu mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, na mpwa wangu wa miaka kumi na sita, nikataka kumdokeza jambo dogo tu kuhusu anime, yaani katuni ya Kijapani, anayoifuatilia. Sikufika hata katikati ya sentensi. Aliziba masikio kwa viganja vyote viwili, akapiga kelele: "Mjomba, nyamaza! Sijafika huko!" Akachukua simu yake, akaingia ndani.

Sikukasirika. Nilibaki nikitazama mabati ya Kadutu yanavyoshuka kwa ngazi kuelekea ziwani, nikahisi nimepata jibu la ubishi ambao hauishi kati ya rika langu na rika lake. Tukikutana, tunabishana kuhusu michoro, kuhusu rangi, kuhusu nani angempiga nani kati ya Sangoku, shujaa wa Dragon Ball, na hawa waliokuja juzi. Hayo ni ya juujuu. Kinachotutenganisha ni kwamba sisi tulikua tukiomba kusimuliwa, na wao wamekua wakiogopa kusimuliwa. Na mimi naamini wamepoteza kitu.

Wakati wetu televisheni ilikuwa moja kwa nyumba nyingi. Katuni za Kijapani zilitufikia kwa sauti za Kifaransa, na sisi wadogo Kifaransa kilikuwa bado hakijaingia kichwani. Kaka yangu mkubwa, ambaye mpaka leo tunamwita Yaya, ndiye aliyekuwa akikaa mbele na kutugeuzia maneno kwa Kiswahili, huku picha zinakimbia. Umeme ukikatika katikati, habari ilikuwa haijaisha. Kesho yake Yaya aliteremka kumtafuta rafiki yake wa Ibanda, mtaa wa chini, ambako taa zilikuwa zimebaki, akaambiwa yaliyofuata, akapanda nayo mlimani. Jioni tunamzunguka: "Na kisha? Ikakuwa namna gani?" Kwa hiyo nusu ya yale ninayoyaita "anime nilizotazama" sikuyatazama. Niliyasikia.

Chukua Captain Tsubasa, katuni ya mpira wa miguu, ambayo sisi tuliijua kwa jina lake la Kifaransa, Olive et Tom. Yoichi Takahashi alianza kuichora mwaka 1981, ikaingia kwenye televisheni ya Japani mwaka 1983 na kwenda vipindi 128. Tsubasa kwetu alikuwa Olivier Atton, Wakabayashi akawa Thomas Price, Hyuga akawa Mark Landers, na ole wako ukiwataja leo kwa majina hayo mbele ya vijana. Kitu ambacho watu hukicheka katika katuni ile ni uwanja wake: mchezaji anakimbia na mpira dakika nzima, na goli la wapinzani linachomoza polepole kutoka chini ya upeo wa macho, kama mtu anayepanda kutoka upande wa pili wa kilima. Mtoto wa Bukavu hakuona cha kucheka. Uwanja wetu ulikuwa na mteremko kiasi kwamba ukisimama golini upande wa chini, kipa wa kule juu unamwona kuanzia magotini. Shuti likikosa, aliyepiga ndiye anayeteremka kuukimbiza mpira mpaka barabara ya chini, na mchezo unasimama kumsubiri. Wakati huo wa kusubiri ndio Yaya alikuwa akisimulia kipindi cha jana.

Baadaye ikaja Naruto, anime ya vijana wapiganaji wa ninja. Hapo tayari kulikuwa na vyumba vya video: mabenchi, pazia jeusi mlangoni, jenereta inanguruma nje. Mchana ule diski ilikuwa na pambano la Rock Lee na Gaara, yule anayepigana kwa mchanga. Anayeijua habari hii anajua kwa nini Lee ndiye aliyependwa na sisi wa Kadutu: mvulana asiyeweza uchawi wowote wa wenzake, mwenye mikono na miguu tu, na kazi. Mwalimu wake anampa ruhusa, Lee anasimama juu ya ile sanamu ya mikono ya mawe, anavua vile vizito alivyofunga miguuni, anaviachia. Vinagusa sakafu na vumbi linaruka kama nyumba imeanguka. Chumba kizima kilisimama.

Kisha picha ikakatika vipande vya mraba, ikaganda.

Mwenye chumba aliitoa diski, akaipulizia pumzi, akaifuta kwa pindo la shati akizungusha. Ikaganda palepale. Akaleta dawa ya meno, akaipaka kwa kidole polepole kutoka katikati kwenda ukingoni, akaisuuza, akaikausha. Watu tulinyamaza kama tuko kwenye matanga. Ikaganda palepale, mchanga wa Gaara uko hewani. Tukatoka.

Njiani gizani Yaya akasema yeye alishaiona nyumbani kwa rafiki yake, akaanza. Sitaisahau sauti ile. Akaniambia Lee alivyofungua milango ya nguvu mmoja baada ya mwingine, mwili ukawa mwekundu, mchanga ukashindwa kumfuata. Alivyopiga teke moja, pa! la pili, pa! na la mwisho akapigia chini ya kidevu, Gaara akaanguka chali, na uwanja mzima ukaita jina la Lee. Kesho yake mimi na wenzangu tulijaza mchanga kwenye soksi kuukuu, tukazifunga vifundoni, tukapanda na kushuka zile ngazi za udongo mpaka ngozi ikachubuka.

Sasa, siwezi kudai kwamba kila cha zamani kilikuwa dhahabu. Dragon Ball Z ina vipindi 291, na kila aliyeitazama anakumbuka adui Frieza akisema sayari Namek italipuka baada ya dakika tano, kisha dakika hizo zikachukua vipindi na vipindi. Naruto ya kwanza ina vipindi 220, na zaidi ya 80 vya mwisho ni vya kujazia, havimo katika kitabu cha mwandishi. Sababu inajulikana: manga, yaani hadithi ya michoro ya karatasini ambayo anime inaifuata, ilikuwa ikitoka kila wiki gazetini, anime nayo kila wiki kwenye televisheni, na anime hula haraka kuliko manga inavyopikwa. Ikimfikia mwandishi, inabidi ivute muda. Anayetazama yote hayo leo mfululizo kwenye simu ana haki ya kuchoka. Mimi sikuchoka kwa sababu Yaya alizimaliza zile dakika tano wakati anamenya muhogo mmoja.

Za sasa zimetengenezwa vizuri zaidi. Nasema hivi bila kinyongo. Zinatoka kwa misimu, mara nyingi vipindi kumi na viwili au kumi na vitatu kwa mkupuo, kisha wachoraji wanapumua. Demon Slayer ilipofika kipindi cha 19 mwaka 2019, studio ya ufotable ilichora moto wa pambano lake kwa namna ambayo hakuna ulimi utakaoieleza. Lakini angalia kilichomo ndani: mvulana ambaye familia yake imeuawa usiku mmoja, amebaki na dada yake ambaye amegeuka jini, anatembea akimbeba mgongoni ndani ya sanduku la mbao ili jua lisimuunguze. Huku kwetu Kivu, ambako kila familia ina mtu aliyewahi kukimbia amembeba mwenzake, hadithi hiyo haihitaji maelezo. Inasimulika kwa pumzi moja. Ndiyo maana nasema ile ni kazi kubwa, na moto ni nyongeza. Jujutsu Kaisen, nyingine ya hizi mpya, nimejaribu kumsimulia Yaya mara mbili kwenye simu, na mara zote mbili nimekwama katika kanuni za nguvu zao. Mapigano yake nayapenda. Hadithi yake sijui niikamate wapi.

Mpwa wangu ana hoja moja ambayo nimeikubali. Attack on Titan, anime iliyoanza mwaka 2013 na kumalizika 2023, kuhusu watu wanaojificha majitu nyuma ya kuta ndefu, imejengwa juu ya siri. Kumwambia mtu kilichopo nyuma ya kuta zile kabla hajafika ni kumwibia. Pale nanyamaza. Lakini hofu hiyo ya spoila, yaani kuambiwa mapema kitakachotokea, imetoka kwenye kazi kama ile, ikaenea kwenye kila kitu, hadi watu wawili wanaopenda jambo lilelile wanaketi benchi moja na hawawezi kuzungumza, kwa kuwa mmoja yuko kipindi cha nane na mwingine cha kumi na moja. Vijana wanaojaziwa flashi pale sokoni Kadutu wanaondoka na msimu mzima mfukoni, na kila mmoja anaufungua peke yake, usiku, na vitu vya masikioni. Asubuhi wanaulizana swali moja tu: umefika wapi?

Hadithi nzuri haiharibiki kwa kusimuliwa. Wazee wetu walisimulia habari za sungura kwa watu walioujua mwisho wake tangu utotoni, na watu walirudi jioni iliyofuata.

Nililipima hili nyumbani. Mama yangu hajawahi kutazama anime hata moja. Alikuwa anachambua maharage, nikamsimulia Frieren, iliyoanza kuonyeshwa Septemba 2023. Nikamwambia: mashujaa wanne wamemuua mfalme wa mashetani baada ya safari ya miaka kumi, wanarudi mjini, na hadithi inaanzia hapo, mahali ambapo nyingine huishia. Mmoja wao, Frieren, ni wa kabila linaloishi zaidi ya miaka elfu. Kwake miaka kumi ni kama wiki. Anaaga, anarudi baada ya miaka hamsini, anamkuta mwenzake Himmel amekuwa mzee wa kipara. Muda si mrefu Himmel anafariki. Kwenye mazishi Frieren analia, kwa kuwa ndipo anagundua hakumfahamu.

Mkono wa mama ulisimama juu ya ungo. "Na mbona hakumuuliza alipokuwa hai?"

Nikamwambia ndiyo anayoyalilia hayo hayo. Akaendelea kuchambua, na baada ya muda akaniuliza kama Frieren alikwenda tena kaburini. Nilikuwa nimemwambia kifo chote tangu mwanzo. Hakikumpunguzia kitu. Kwangu mimi, katika mpya zote nilizotazama, hakuna inayoifikia ile.

Jioni mpwa wangu alitoka ndani na simu, kutaka amani. Nikamwambia anionyeshe pambano la Lee na Gaara, maana katika miaka yote hii sijawahi kuliona lilivyoisha. Tukalitazama tumebanana kwenye kioo kidogo. Vizito vikaanguka. Mwili ukawa mwekundu. Kisha mchanga ukamkamata Lee mkono wa kushoto na mguu wa kushoto, ukavivunja. Mwalimu wake akaingia kumwokoa. Na Lee, akiwa amepoteza fahamu, akasimama tena katika hali ya kupigana, asijue kwamba ameshashindwa.

Nikampigia Yaya, yuko Uvira siku hizi. Nikamuuliza mbona aliniambia Lee alishinda. Alinyamaza kidogo. "Mimi pia sikuwa nimeiona," akasema. "Ilikwama palepale. Ila wewe ulikuwa unalia njiani."

Nilipokata simu, mpwa wangu alikuwa ameiweka yake juu ya mkeka, kioo kimeangalia chini.

"Mjomba mkubwa aliimaliza namna gani? Nisimulie."

Nikaanzia pale vizito vilipogusa sakafu.