Panga boi langu na mpini wa ufagio

Jamani, nyumbani kwangu kuna panga boi linalowashwa kama ndege za zamani. Unabonyeza swichi, linaunguruma "mmmmm" kama mdaiwa anayetafuta uongo wa kukupa, na halizunguki ng'o. Mpaka upande kitandani ulisukume na mpini wa ufagio, ndipo linashika njia. Umeme ukikatika saa nane usiku ukarudi saa tisa, Mama Zai ananigusa ubavuni tu. Rubani naamka.

Hapa mtaani kuna kijana katoka chuo cha ufundi, VETA, juzijuzi. Alilitazama akiwa mlangoni, hata viatu hakuvua. "Mzee, ukilisukuma linakwenda? Basi mota nzima. Kapasita ndiyo imechoka, yenyewe ndiyo inayoipa mota nguvu ya kuanzia. Kipimo chake mikrofaradi mbili na nusu, bei elfu tatu tu."

Elfu tatu! Nikamshuku palepale. Mimi fundi asiyenitisha simwamini. Daktari akikwambia kunywa maji ukalale, si unatafuta mwingine?

Nikalishusha, mota kwenye kiroba, mapanga matatu kwapani, huyo Kariakoo. Konda akaniuliza, "Mzee, hiyo helikopta inashukia wapi?" Daladala nzima ikacheka, na nauli nikalipa ya watu wawili.

Fundi wa Kariakoo sasa, huyo ndiye wangu. Hakupima chochote, alilinusa. Akafumba macho, akatikisa kichwa kama anatoa pole ya msiba. "Limeungua hili. Kusuka upya waya za mota elfu arobaini." Jipya duka la pili yake, elfu sitini.

Nikasimama katikati ya njia, wasukuma mikokoteni wananipigia kelele, napiga hesabu. Nikitoa arobaini nabaki na kuukuu. Nikitoa sitini nabaki na jipya, sawa, ila hilo kuukuu nalipeleka wapi? Uvunguni kwangu kumejaa: pasi mbili zilizoungua, kichwa cha blenda kisicho na jagi, rimoti tatu za TV tulizokwisha kuuza. Kutupa siwezi. Juzi nilitupa msumari, jioni ukahitajika.

Nikaona heri nilipeleke kwa wanunua chuma chakavu, maana kila mtu anajua ndani ya mota kuna shaba, na shaba ni hela. Kijana wa mizani hakulifungua hata. Akaokota mota pacha wa langu kwenye lundo, akakwangua waya kwa kisu. Rangi ya shaba ikabanduka, ndani mweupe pee. "Aluminiamu hiyo, mzee. Imepakwa rangi tu." Akanitajia bei. Kwa bei ile hata kiroba changu kilikuwa na thamani zaidi.

Nikarudi nalo. Yule kijana wa VETA hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma. Akachomeka kapasita, akawasha pale pale sakafuni: mota ikazunguka yenyewe, kimya, kama haijawahi kunitesa. Elfu tatu.

Akasema, "Haya mzee, lete mapanga tufunge."

Nikatoa moja. Nikatoa la pili. Nikapapasa kwapani.

La tatu mpaka sasa linazunguka na ile daladala. Konda nimemsubiri kituoni siku mbili, kila nikimwona anapiga honi kwa mdomo, "Helikopta hiyoo!" na gari haisimami.