Mhuri wa mwenyekiti wa mtaa una chama?

Kila uchaguzi wa serikali za mitaa unapokaribia, Tanga hurudi kwenye swali lilelile: leseni ya duka, dhamana ya polisi na ulinzi wa usiku vinawahusu nini watu wa vyama? Kuanzia Barabara ya Kwanza hadi zile za juu za Ngamiani utasikia wenye maduka wakisema mwenyekiti wa mtaa akae pembeni, yeye na mhuri anaougonga kwenye barua za utambulisho. Leseni sasa inaombwa kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri: unaingiza TIN, namba yako ya mlipakodi, unaambatisha mkataba wa pango, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Polisi Kata, askari waliopangiwa kila kata, wapo. Mhuri wa nini tena?

Hoja hiyo ina uzito. Mwenyekiti anafika pale kwa tiketi ya chama, maana sheria yetu hairuhusu mgombea binafsi, hata baada ya Mahakama ya Afrika kule Arusha kusema mwaka 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki. Hana mshahara, anangoja posho ya halmashauri. Mpe mtu wa namna hiyo mhuri na wino, na barua ya utambulisho itakuwa na bei. Kijana anayejulikana kwa kofia ya chama kingine ataambiwa mwenyekiti katoka, arudi kesho, na kesho tena. Anayebisha haya hajawahi kuomba barua.

Lakini wanaotaka mhuri ufutwe wanaangalia dukani tu. Waangalie na kwenye upekuzi.

Polisi wakitaka kupekua nyumba, wanahitaji shahidi huru, mtu asiye askari. Kinachokutwa kinaandikwa kwenye hati ya ukamataji mali: kitu gani, kingapi, kimekutwa wapi. Anasaini aliyepekua, anasaini mwenye nyumba, anasaini shahidi, na stakabadhi inatolewa. Saa nane usiku Msambweni au Makorora, shahidi huyo ni nani? Mfanyabiashara mwenye duka la jirani hafungui mlango. Anayefungua ni mwenyekiti wa mtaa, au, kwa mazoea ambayo hayajafa, balozi wa nyumba kumi. Na huyu wa pili, tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, si kiongozi wa serikali hata kidogo: ni kiongozi wa shina la CCM, chama tawala. Ni ajabu kwamba watu wanaosema siasa itoke kwenye ulinzi humnyooshea kidole mwenyekiti, aliyepigiwa kura na mtaa, wakampita balozi aliyechaguliwa na wanachama wenzake.

Kesi za mirungi zinaonyesha ubora wa shahidi unavyoamua mambo. Mzigo unavuka kutoka Kenya kwa Horohoro au njia za panya za Mkinga na kuingia jijini gizani. Shahidi akiitwa mafurushi yakiwa yameshatolewa ndani na kupangwa uani, atasaini, lakini hakuona. Mahakamani wakili ana maswali mawili tu: ulikuwa wapi mlango ulipofunguliwa, na uliyahesabu mafurushi mangapi? Hati ikisema kumi na mawili na shahidi akasema kama kumi hivi, upande wa mashtaka umeshaanza kuvuja. Mwenyekiti anayejua kazi yake husimama mlangoni kabla askari hajaingia, huhakikisha askari nao wanakaguliwa mifuko, huhesabu kwa sauti, na hasaini karatasi yenye nafasi wazi. Hakuna mfumo wa kompyuta utakaomfanyia hivyo mtuhumiwa wala Jamhuri.

Kwenye biashara ni vilevile. TAUSI inajua kwamba fremu fulani ina leseni ya vipuri. Haijui kwamba ghala la nyuma linafunguliwa usiku sukari ikishuka kutoka bandari bubu. Jirani anajua, na jirani hamwambii afisa biashara asiyemfahamu. Anamwambia mwenyekiti, akimwamini. Kwa mji unaojisifu kwa "waja leo, waondoka leo", na sasa wenye wageni wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 linaloishia Chongoleani, daftari la wakazi la mtaa ni nyenzo ya upelelezi kuliko gari la doria.

Neno ni hilo: akimwamini. Uchaguzi wa mitaa wa 2019, wapinzani wakuu walipojitoa, CCM ilichukua zaidi ya asilimia 99. Mwaka 2024 matokeo yalikuwa karibu na hapohapo. Namba hii inazungumzwa kama habari ya vyama, ila ukiipeleka kituo cha polisi inageuka kuwa kitu kingine. Mtaa ukiwa na mwenyekiti wa chama kimoja na balozi wa kingine, anayeonewa na mmoja ana mlango wa pili wa kugonga, na anayeuza barua anajua kuna wa kumtaja. Kwa asilimia 99, mwenyekiti, diwani na balozi wanakaa kikao kimoja cha tawi. Mdhamini akinyimwa barua ya utambulisho ya kupeleka polisi Ijumaa jioni, ndugu yake anaweza kulala ndani hadi Jumatatu, na wa kumlalamikia ni rafiki wa aliyemnyima. Wanaolaumu mhuri wangeuliza zaidi kuhusu wagombea waliopita bila kupingwa.

Ushindani nao una gharama, na Tanga inaijua. Baada ya uchaguzi wa 2015, katika baraza la wajumbe 37, chama cha upinzani cha CUF kilijihesabia 20. Umeya ukaenda CCM, CUF wakayakataa matokeo na kususia vikao. Anayetaka jiji litulie ana haki ya kukumbusha hilo. Ila hata hapo polisi hawakuwa chini ya meya: wanawajibika kwa IGP, mkuu wa Jeshi la Polisi, na Kamati ya Usalama ya Wilaya inaongozwa na Mkuu wa Wilaya, mteule wa Rais. Madiwani waligombana juu ya meza isiyo na funguo za kituo.

Mhuri ubaki, basi, ila barua iwe na namba kwenye daftari, iwe bure, na anayenyimwa aandikiwe sababu. Upekuzi uwe na mashahidi wawili, na balozi wa chama chochote asitegemewe kuwa shahidi peke yake. Halafu kuna jambo dogo linaloharibu kesi nyingi kuliko siasa: nauli ya shahidi. Mwenyekiti anaitwa mahakamani, kesi inaahirishwa. Anaitwa tena, inaahirishwa, naye ameacha genge lake limefungwa siku nzima. Mara ya nne haendi, mtuhumiwa anaachiwa, na jioni barazani itasemwa kwamba mwenyekiti kahongwa.