Kaa Pembeni, Umtazame Anayesoma

Mwongozo wa kwanza nilioandika kazini ulikuwa na hatua kumi na nne. Niliupitia mara tatu, nikasahihisha sarufi, nikapanga vichwa vidogo, nikaridhika. Wiki iliyofuata akaja mwenzetu mgeni. Nikamwomba asakinishe mfumo wetu kwa kuufuata mwongozo ule, mimi nimekaa kando yake kimya. Akakwama hatua ya tatu. Nilikuwa nimeandika "washa seva" bila kusema kwamba kabla ya hapo kuna nenosiri la hifadhidata la kuweka kwenye faili la mipangilio. Mimi nililiweka miezi mingi nyuma, likanitoka akilini. Akahangaika kwa dakika arobaini. Aliponigeukia hakusema mwongozo una kasoro. Alisema, "Samahani, nadhani kuna kitu sijakielewa."

Ile samahani iliniuma kuliko lawama. Anayekwama kwenye nyaraka mbovu hujiona mjinga, na mara nyingi huondoka bila kumwambia yeyote. Ndiyo maana nikiulizwa mtu ajifunze wapi uandishi wa kiufundi, yaani kuandika miongozo na nyaraka za programu, jibu langu la kwanza halihusu kozi. Mtafute mtu mmoja asiyeijua programu yako, mpe ulichoandika, kaa pembeni, usimsaidie. Weka alama kila anaposita, kila anaporudi juu kusoma upya, kila anapofungua dirisha jingine kutafuta jibu kwingine. Nyenzo nyingine zote nitakazozitaja zina faida zaidi kwa mtu aliyekwisha kukaa kwenye kiti hicho.

Katika hizo, iliyonisaidia kuliko zote ni Diátaxis, mfumo wa Daniele Procida unaosomwa bure mtandaoni. Hoja yake ni kwamba msomaji wa nyaraka huja na moja ya haja nne. Kuna anayejifunza, anayetaka kushikwa mkono tangu mwanzo mpaka aone kitu kimefanya kazi. Kuna aliye katikati ya kazi, mwenye tatizo moja analotaka kulimaliza sasa hivi. Kuna anayetaka kuhakikisha jambo dogo tu, kwa mfano amri fulani inapokea thamani zipi. Na kuna anayetaka kuelewa kwa nini mfumo ulijengwa hivi badala ya vile. Kila mmoja anahitaji andiko la namna yake, na ukiwachanganya wanne hao kwenye ukurasa mmoja, hakuna atakayeshiba.

Niliposoma hayo niliurudia mwongozo wangu, nikaona kosa jingine. Katikati ya hatua ya tano nilikuwa nimeweka aya mbili za kueleza kwa nini tulichagua hifadhidata ile. Yule mwenzetu alizisoma zote kwa makini akidhani ndani yake kuna agizo. Aya zenyewe hazikuwa mbaya, ila mahali pake palikuwa ukurasa mwingine, wa msomaji mwenye muda wa kutafakari. Nakuomba tu usianze kwa kuunda folda nne tupu ukisubiri zijae. Procida mwenyewe anaonya dhidi ya hilo. Anza na ukurasa ulio nao, ujiulize unamhudumia nani kati ya wanne, kisha umwondolee kisichomhusu.

Ukishajua unamwandikia nani, ndipo sentensi zinapostahili muda wako. Google wana kozi mbili za bure za uandishi wa kiufundi, na wanaongezea nyingine fupi ya kuandika ujumbe wa makosa. Hiyo fupi naipenda zaidi, kwa sababu ujumbe wa kosa ndio waraka pekee ambao kila mtumiaji husoma, tena akiwa tayari ameudhika. Google na Microsoft pia wameweka wazi miongozo yao ya mtindo. Usiisome kama riwaya. Chagua mmoja, uufungue unapobishana na wenzako, mkubaliane kwamba ndio mwamuzi.

Kozi hizo zinasisitiza sana kumtaja mtendaji, na kwa Kiswahili jambo hilo lina uzito wake. Tazama sentensi hii: "Faili la mipangilio linaundwa kwenye folda kuu." Linaundwa na nani? Programu italiunda yenyewe, au ni mimi ninayepaswa kuliunda? Nimewahi kuona watu wawili wakiisoma sentensi ya aina hiyo kwa maana mbili, kila mmoja ana uhakika wake. Andika "programu itaunda faili" au "unda faili", na mjadala utaisha.

Tabia nyingine iliyonichukua muda mrefu kuiacha ni visawe. Shuleni tulisifiwa kwa insha zisizorudia neno: hapa "futa", pale "ondoa", kule "tupilia mbali". Kwenye nyaraka za programu urembo huo ni hatari. Msomaji akikutana na "futa" kwenye hatua ya pili na "ondoa" kwenye hatua ya sita, ana haki ya kudhani ni vitendo viwili tofauti, na katika programu nyingi huwa kweli ni viwili tofauti. Wahandisi wa ndege walilichukulia suala hili kwa uzito kabla yetu. Kanuni zao za Kiingereza kilichorahisishwa, zinazojulikana kama ASD-STE100, zinataka neno moja libaki na maana moja, na sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20. Fundi aliye chini ya bawa hapaswi kukisia. Sioni kwa nini anayehamisha data za wateja kutoka seva moja kwenda nyingine astahili uangalifu mdogo kuliko huo.

Kwa zana sitakaa sana. Markdown, namna nyepesi ya kupangilia maandishi kwa alama chache, inatosha kwa miradi mingi; Sphinx, programu ya kutengeneza kurasa za nyaraka, inafaa zikiwa kubwa; na Vale, programu ya kukagua maandishi, itakukagulia maneno mliyokubaliana kuyakwepa. Cha maana ni nyaraka zikae pamoja na msimbo wa programu, ili anayebadilisha kimoja aguse na kingine siku hiyohiyo. Na ukihitaji watu wa kuzungumza nao, kuna Write the Docs, jumuiya ya waandishi wa nyaraka iliyoanza mwaka 2013. Mihadhara ya mikutano yao ipo mtandaoni bure.

Kuna nyenzo moja ya zamani ambayo natamani kila mtengeneza programu aitazame walau mara moja: mwongozo wa kwanza wa Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa Novemba 1971. Kila amri ilipewa ukurasa wake kwa mpangilio uleule: jina, namna ya kuiandika, maelezo, mafaili inayoyagusa. Kisha kikaja kipengele cha kasoro. Waandishi walitaja waziwazi mahali ambapo programu yao wenyewe haifanyi kazi vizuri. Mwishoni kilifuata kipengele cha mwenye amri hiyo, ili ujue ni nani wa kumuuliza. Zaidi ya miaka hamsini baadaye tunaandika nyaraka zinazosifu kila kitu na kuficha mipaka, halafu tunashangaa msomaji hatuamini. Tangu nilipoanza kuweka sehemu ya "Yasiyofanya kazi bado" kwenye README zangu, faili la kwanza kusomwa katika mradi, maswali ninayoulizwa yamekuwa mazuri zaidi, kwa sababu anayeuliza anajua tayari pale ambapo hatupaswi kupotezeana muda.

Mwaka 2017 GitHub, tovuti ambako watengeneza programu huhifadhi msimbo wao, walifanya uchunguzi kuhusu miradi ya programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote. Asilimia 93 ya waliojibu walisema nyaraka zisizokamilika au zilizopitwa na wakati ni tatizo, lakini asilimia 60 ya wachangiaji walisema huchangia nyaraka kwa nadra au hawachangii kabisa. Nadhani sehemu ya sababu ni kwamba wengi husubiri mpaka waijue programu vizuri ndipo waandike. Wakishaijua, wamesahau palipowakwaza. Mgeni anayaona mashimo yote, lakini kwa siku chache tu. Baada ya wiki mbili ameshajifunza kuyaruka bila kuyatazama, kama mimi na lile nenosiri.

Kwa hiyo kwetu mgeni akiingia, kazi yake ya kwanza ni kufuata mwongozo na kuurekebisha kila unapomwangusha, na mabadiliko yake hupokelewa kabla ya ya mtu mwingine yeyote. Hatua ya tatu ya mwongozo ule aliiandika upya yule mwenzetu mwenyewe, jioni ileile. Alitumia sentensi mbili.