Ukiagiza mkanda wa saa Dar, taja milimita

Mkanda wa saa ukanda huu wa pwani hauna maisha marefu. Jasho la Mtwara, chumvi ya bahari na unyevunyevu wa masika vinaila ngozi taratibu mpaka inakatika palepale penye pini. Hilo halishangazi. Kinachoudhi ni namna tunavyoagiza mwingine. Mtu anapiga simu Kariakoo: "Nitumie wa kiume, ule mpana mpana." Mzigo unapanda basi, unapita Kibiti, Somanga, Lindi, unafika stendi, na hauingii. Kuurudisha ni nauli nyingine. Yote hayo kwa milimita mbili.

Kosa kubwa ni kupima mkanda wa zamani. Ngozi iliyochakaa imeshalika kingo na imesinyaa, kwa hiyo wa 20 unaweza kukusomea 19. Kinachopimwa ni nafasi iliyo kati ya masikio mawili ya saa, zile ncha zinazoshika pini, upande wa ndani, ukuta hadi ukuta. Ukubwa wa saa yenyewe hausaidii: saa ya kipenyo cha milimita 40 inaweza kuwa na nafasi ya 18, 20 au hata 22. Saa nyingi za kiume ziko kwenye 18, 20, 22 na 24, za kike ndogo ndogo 12, 14 na 16. Ila 19 na 21 zipo pia, na hizo ndizo zinazotesa watu.

Fundi mwenye kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, atamaliza kazi mara moja. Asiye nayo achukue rula ya mkebe wa hisabati, aanzie kwenye alama ya sentimita 1, maana ncha ya rula huwa imelika, kisha aitoe hiyo sentimita kwenye jibu. Masikio yakikataa rula isikae vizuri, kata kipande cha boksi la dawa na ukipunguze kwa mkasi kidogo kidogo mpaka kiingie kati ya masikio bila kupinda na bila kucheza. Halafu pima hicho kipande. Njia hii ya boksi naiamini kuliko rula za kwenye simu. Ukilazimika kutumia ya simu, weka kwanza kadi ya benki juu ya kioo: urefu wake ni milimita 85.6, na simu ikisema vingine, usiisikilize.

Ukipata kitu kati ya 19 na 20, rudia kupima. Mkanda wa kitambaa au ngozi laini wa 20 unaweza kubanwa ukaingia kwenye 19, ingawa utakunjamana kingo. Wa chuma hauna huruma hiyo. Na ule wa 18 kwenye nafasi ya 20 ndio mbaya kabisa, kwa sababu unaingia kirahisi na kukudanganya. Unacheza kushoto na kulia, unasaga pini, na kama muuzaji ameuleta na pini zake za 18, ncha zinashika matundu kwa shida. Siku ukiwa kwenye kivuko cha Msangamkuu, mkono nje, saa inakwenda majini.

Mkanda wa zamani usiutupe, lakini. Kwa upana ni shahidi wa uongo, kwa urefu anasema kweli. Pima kila kipande kutoka penye pini: kifupi bila bizimu, kirefu mpaka ncha. Ukikuta 75 na 115, huo ndio urefu wa kawaida. Tazama tundu lililochakaa. Kama ni la mwisho kabisa, karibu na ncha, agiza mrefu zaidi. Kama ni la kwanza, karibu na saa, agiza mfupi. Ukiona imeandikwa 20/18, ya kwanza ni upana penye masikio na ya pili ni penye bizimu.

Vipimo hivi havisaidii saa ambazo mkanda wake umechongwa kufuata kasha. Saa nyingi za Casio G-Shock ziko hivyo. Hapo taja jina la modeli, kwa mfano DW-5600, pamoja na namba iliyo ndani ya kiboksi kwenye mfuniko wa nyuma.

Kwa joto letu, mimi ngozi ningemwachia mtu wa ofisini. Kitambaa cha nailoni au silikoni kinaoshwa kwa maji baridi na kurudi mkononi. Na anayebangua korosho avue saa kabisa. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi yako, sembuse ya mkanda.

Wakati wa kubadilisha, tandika kanga mezani, kwa sababu pini zina springi na zinaruka. Iliyoshikwa na kutu itie tone la mafuta ya cherehani, uiache usiku kucha, ndipo uisukume kwa bisibisi ya miwani. Ukishaweka mpya, vuta mkanda kwa nguvu kila upande kabla hujaivaa saa.

Kwa hiyo ujumbe wa kumtumia muuzaji uwe hivi: "Nailoni, upana 20, bizimu 18, urefu 75 na 115, na pini nne za 20." Zinazohitajika ni mbili. Nyingine mbili ni za zile zitakazopotelea chini ya kabati.