Ada Imesamehewa, Nauli Atalipa Nani?

Mwanafunzi anayetafuta chuo nje ya nchi huanza kwa kuulizia ada. Mimi naona anaanzia pasipofaa. Ada ni mzigo, sikatai, lakini mara nyingi hulipwa kwa awamu, na vipo vyuo vinavyoipunguza au kuisamehe. Kinachowaacha wengi nyumbani na barua ya udahili mkononi ni pesa inayodaiwa kabla ya safari, tena kwa mkupuo.

Chukua Ujerumani. Vyuo vikuu vingi vya umma huko havitozi ada ya masomo (jimbo la Baden-Württemberg ni tofauti: tangu 2017 mwanafunzi asiyetoka Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula). Basi unashangilia. Ukifika kwenye viza, unatakiwa kuonyesha kwamba una pesa ya kujikimu mwaka mzima. Njia iliyozoeleka ni akaunti ya zuio: kwa kiwango kilichoanza Septemba 2024, unaweka euro 11,904, kisha ukishafika unaruhusiwa kutoa 992 kila mwezi. Pesa ni yako na hakuna anayekunyang'anya, ila lazima iwepo yote kabla hujaondoka. Familia inayosubiri mshahara wa mwisho wa mwezi itaitoa wapi?

Uingereza nayo inamtoza mwanafunzi pauni 776 kwa mwaka kwa ajili ya huduma za afya, na unalipia miaka yote kwa pamoja unapoomba viza. Shahada ya miaka mitatu, hizo ni zaidi ya pauni 2,300, na hujagusa ada wala nauli. Australia ndiyo usiseme: viza peke yake ilipanda hadi dola 2,000 za huko Julai 2025.

Hata ufadhili hauponi ugonjwa huu. Erasmus Mundus, mojawapo ya bora kabisa kwa shahada ya uzamili, inafuta ada na kutoa euro 1,400 kwa mwezi. Lakini nauli na viza zimo humo humo ndani ya posho, na posho kwa kawaida huanza kuingia baada ya kufika na kujisajili. Tiketi unainunua wewe kwanza. Ndiyo maana, kati ya fadhili mbili, ningechagua yenye posho ndogo inayolipa ndege moja kwa moja.

Kwa hiyo bajeti yako ipange kwa tarehe. Waandikie wafadhili uwaulize posho ya kwanza inaingia lini. Swali hilo halina aibu. Kibarua cha baada ya vipindi usikihesabu katika miezi ya mwanzo, maana hata kukipata huchukua muda. Na kama pengo halizibiki, omba chuo kikusogezee udahili hadi mwaka ujao, vyuo vingi hukubali. Ni afadhali hivyo kuliko mkopo wa haraka wenye riba ya kukufuata darasani.