Dawa za VVU zifuate mbalamwezi, si kalenda ya ofisi

Mvuvi wa dagaa wa Ukara au Kome, visiwa vya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, hafanyi kazi kwa tarehe, anafanya kazi kwa giza. Giza likiingia, taa zinawaka ziwani usiku kucha. Mbalamwezi ikikolea, dagaa hawajali tena taa, kwa hiyo watu hushona nyavu, huziba mitumbwi na wengine huenda kusalimia nyumbani. Halafu mtu huyo akiwa anatumia dawa za VVU, zahanati inampa kadi iliyoandikwa "rudi tarehe 15", na asipotokea anaingizwa kwenye orodha ya watoro.

Piga hesabu. Miezi 12 ya angani ina siku kama 354, ya ofisini ina 365. Tarehe iliyoangukia mbalamwezi mwaka huu, mwakani inakuja siku 11 baada ya mbalamwezi, yaani karibu katikati ya giza, wakati ambao hakuna tajiri mwenye mtumbwi atakayemruhusu kijana wake ashuke mtumbwini kwa sababu ya "kwenda hospitali kidogo". Si uzembe wa mgonjwa. Ni kadi iliyoandikwa na mtu asiyetazama juu.

Dawa yenyewe inakubali mpango mwingine. TLD, kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir miligramu 300, lamivudine 300 na dolutegravir 50, hupatikana katika chupa ya vidonge 90. Miezi 3 ya angani ni siku 88 na nusu, hivyo chupa moja inamfikisha mvuvi kutoka mbalamwezi hadi mbalamwezi ya tatu na kinabaki kidonge kimoja. Kwa miezi 6 ni siku 177 dhidi ya vidonge 180. Ziada hiyo ni ndogo mno kwa ziwa lenye dhoruba, kwa hiyo ongeza ya wiki mbili mara moja tu, mwanzoni, na umweleze kuwa hiyo ni akiba, haihesabiki. Virusi vilivyofubazwa huanza kuonekana tena kwenye damu wiki mbili hadi nne baada ya mtu kuacha dawa, na boti iliyokwama kisiwani inaweza kula wiki moja kirahisi. Wavuvi wa sangara hawafuati mwezi namna hiyo, hao waulizwe ratiba zao. Kuuliza hakuna gharama.

Wapo wanaosema zahanati ni ndogo mno kubeba kazi hii. Jibu lilikwisha kutolewa hapa hapa Mwanza. Kati ya 1991 na 1994, katika jamii 6 kati ya 12 za mkoa huu zilizofuatiliwa, zikiwemo za mwambao na visiwani, watafiti waliimarisha tiba ya magonjwa ya ngono katika vituo vya afya na zahanati zilizokuwepo tayari. Hawakujenga hospitali. Walifundisha watumishi kutibu kwa kufuata dalili, walihakikisha dawa hazikatiki, walituma wasimamizi mara kwa mara, na walielimisha wananchi. Baada ya miaka 2, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 kwenye jamii zilizopata huduma hiyo na 1.9 kwenye zile nyingine, yaani pungufu ya karibu asilimia 40. Matokeo yalichapishwa 1995 na dunia ikayasoma. Ni kweli kwamba jaribio la Rakai, Uganda, halikuona punguzo hilo, lakini kule waligawa dawa kwa watu wote kila baada ya miezi 10, jambo tofauti kabisa na kuwa na mlango wa zahanati ulio wazi siku mtu anapoumwa. Katika yale manne ya Mwanza, linalokufa kwanza siku hizi ni la usimamizi. Gari au boti ya halmashauri ikikosa mafuta, msimamizi haji, na mwezi wa tatu rejesta zimeanza kujazwa kwa kukisia.

Nisichokubaliana nacho ni kudhani kwamba kusogeza huduma ni kusogeza vidonge tu. Tuchukue sampuli ya wingi wa virusi, HVL. Damu iliyovutwa kwenye chupa ya EDTA, yenye dawa ya kuizuia isigande, inatakiwa itenganishwe majimaji na chembe ndani ya saa 24 ikiwa haipo kwenye baridi. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko upande wa Sengerema, lakini Maisome na Ukara bado wanasubiri boti, na boti inasubiri upepo. Zahanati za visiwani zitumie karatasi ya damu kavu, DBS, na mtu afundishwe mpaka aiweze.

Karatasi ina duara 5. Kila duara lijae kwa tone moja kubwa, damu ipenye hadi upande wa pili. Ukiongeza tone juu ya tone lililoanza kukauka, sampuli imeharibika. Usiguse duara kwa kidole. Ilaze kwenye rafu yake, nje ya jua, saa 4 kwa uchache, na karibu na ziwa ni heri ilale usiku kucha kwa sababu hewa ina unyevu. Funika kwa neti, maana kijiji kinachoanika dagaa hakikosi nzi. Ikikauka, itenge na nyenzake kwa karatasi laini, tia kwenye mfuko wa zipu pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu na kadi ya kuonyesha unyevu. Kadi hiyo ikigeuka kutoka buluu kuwa waridi, badilisha vifuko kabla ya kusafirisha. Sampuli nyingi hurudishwa kwa sababu mbili za kipuuzi: ilifungwa ikiwa mbichi, au namba ya mgonjwa ya CTC (kliniki ya huduma na tiba ya VVU) kwenye karatasi hailingani na ya kwenye fomu.

Namba hiyo ya CTC ina kazi nyingine. Mtu aliyesajiliwa Nansio akijikuta kwenye dago (kambi ya wavuvi) Kome bila barua ya uhamisho, namba inaonyesha mkoa, wilaya na kituo chake. Mpigie simu mganga mfawidhi wa kule, mpe mgonjwa dawa za mwezi mmoja, andika kwenye rejesta kuwa ni mpita njia. Ukimfukuza, atakaa bila dawa hadi giza liishe. Ukimsajili upya, takwimu zina watu wawili na kule Nansio kuna mtoro asiyekuwepo.

Kuna makosa ya dawa yanayotokea zaidi pale tabibu mmoja anapofanya kila kitu. La kwanza ni la kliniki ya mama na mtoto: mjamzito anapewa TLD na vidonge vya kuongeza damu asubuhi moja, avimeze tumbo tupu. Madini ya chuma huzuia dolutegravir kufyonzwa. Avimeze pamoja na chakula, au TLD itangulie saa 2, au ifuate saa 6 baada ya chuma. La pili ni kifua kikuu. Rifampicin hupunguza dolutegravir mwilini, hivyo mgonjwa anahitaji dolutegravir miligramu 50 ya ziada, saa 12 baada ya TLD, na zahanati isiyoagiza kidonge hicho mapema itamtibu TB huku ikivipa virusi nafasi.

Kuhusu siri, ondoeni benchi la CTC. Kisiwa ni kidogo, na anayekaa kwenye benchi lile Jumanne anajulikana hadi mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, kabla ya saa sita. Ndiyo maana wengine huvuka maji kwenda kuchukua dawa ambako hawajulikani, kisha nauli inawashinda. Wa presha, wa sukari na wa ARV wakae foleni moja, kadi ziwe za rangi moja, na anayekuja kuchukua dawa tu apite dirishani bila kumsubiri tabibu. Chupa nayo hupiga kelele begani. Pamba safi kidogo juu ya vidonge inatosha, na kile kifuko cha kufyonza unyevu kisitolewe.

Pengo kubwa la nchi si tiba, ni kupima. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulionyesha kuwa, kati ya watu wazima wenye VVU, asilimia 82.7 ndio waliojua hali zao. Waliojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na kati ya hao 94.3 virusi vimefubazwa. Kwa hiyo vipimo vya kujipima viwepo kwa viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za ziwa) mwaloni, sheria inaruhusu tangu 2019. Kipimo cha mate kisomwe kati ya dakika 20 na 40, na anayetumia ARV asikitumie kujihakikishia kuwa amepona, kwa sababu kinaweza kumpa jibu hasi la uongo. Mama anayesafiri na dagaa kutoka mwalo hadi mwalo apewe PrEP, dawa ya kujikinga kabla ya hatari, bila kuhojiwa maadili yake, aelezwe kwamba kinga inahitaji siku 7 mfululizo kabla ya kuitegemea. Aliyekutana na hatari jana apewe PEP, dawa ya kinga baada ya hatari, leo, kwani baada ya saa 72 hakuna tena cha kumpa, na dozi ni siku 28.

Fedha. Tangu 2003 sehemu kubwa ya kazi hii ilibebwa na Marekani, na amri ya Januari 20, 2025 ya kusitisha misaada ilionyesha mara moja ni posho za nani zilizokuwa zikiishikilia: za WAVIU washauri (watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao), waingiza takwimu na wasafirisha sampuli. Halmashauri haiwezi kubeba yote. Ianze na boti: safari moja kila mbalamwezi, lita za petroli ziandikwe kisiwa kwa kisiwa katika mpango kabambe wa afya, na boti hiyo hiyo impeleke msimamizi na dawa, irudi na karatasi za damu.